Udongo na Maandiko: Arkeolojia inatusaidia nini katika kusoma Biblia?



Kila mtu wa Goma anaijua tarehe 17 ya mwezi wa kwanza, mwaka 2002. Siku ile moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka katikati ya mji, ukapita juu ya nyumba na njia, ukaunguza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukafika ziwani. Moto ulipopoa, ukawa jiwe. Kisha watu walirudi, wakasawazisha jiwe lile, wakajenga juu yake. Leo kijana aliyezaliwa nyuma ya mwaka ule anatembea juu ya njia ya wazazi wake bila kuiona.

Sasa tufikiri kwamba nyuma ya miaka elfu moja mtu wa elimu anakuja kuchimba fasi hii. Juu anakuta misingi ya nyumba ya sima. Chini ya misingi anakuta jiwe jeusi la volkano. Chini ya jiwe anakuta bati lililoungua, sahani iliyovunjika, misumari ya chukudu. Hata kama hakuna mtu wa kumwambia neno, atajua mambo mawili kwa hakika: kwamba watu wa sahani ile walikaa hapa mbele ya watu wa nyumba ya sima, na kwamba moto ulipita kati yao. Lakini kuna mambo asiyoweza kuyachimbua kwa jembe. Hatajua nani alimbeba mama mzee mgongoni siku ile, wala sala gani watu walisali walipokimbilia Sake na Gisenyi. Ili kuyajua hayo anahitaji mtu aliyeona, au kitabu kilicholinda ushuhuda wa mtu huyo.

Mfano huu ndio somo letu lote. Udongo unajua mambo yake, na Maandiko Matakatifu yanajua mambo yake. Anayetaka kusoma Biblia vizuri asidharau sauti ya udongo, lakini tena asiulazimishe useme jambo lisilo la kazi yake.

Somo hili si la maprofesa peke yao. Katekista anasimama mbele ya vijana, na kijana mmoja anamwonyesha katika telefone picha ya mbao: «Tazama, safina ya Noe imepatikana!» Wote wanapiga makofi. Juma lingine kijana mwingine anakuja na maneno tofauti: «Nimesoma kwamba wachimbaji hawakuona kuta za Yozue kule Yeriko. Basi Biblia ni hadithi tu.» Hao wawili wanaonekana kuwa maadui, kumbe wanakosa namna moja: wote wawili wameuweka udongo kuwa hakimu wa imani. Katekista atawajibu nini?

I. ARKEOLOJIA NI KAZI GANI?

Neno arkeolojia linatoka katika Kigiriki, na maana yake ni elimu ya mambo ya kale. Kazi yake ni kuchunguza maisha ya watu wa zamani kwa njia ya vitu walivyoviacha: kuta, vyungu, silaha, makaburi, majivu ya jikoni, mifupa ya nyama waliyokula.

Katika nchi ya Palestina, watu wa zamani walipenda kujenga palipo na maji, na tena palipoinuka, ili wajilinde na adui. Kuta nyingi zilikuwa za matofali ya udongo. Mji ulipobomolewa kwa vita au kwa tetemeko, watu waliosalia hawakuondoa udongo ule. Walisawazisha tu na kujenga tena juu yake. Kwa miaka elfu na zaidi mji uliinuka kama kilima. Kilima cha namna hiyo kinaitwa «tell». Mchimbaji anaanza juu na kushuka polepole, tabaka kwa tabaka. Ni kama mtu anayesoma kitabu akianzia ukurasa wa mwisho.

Atajuaje umri wa kila tabaka? Mwaka 1890 Mwingereza Flinders Petrie alichimba Tell el-Hesi, kusini mwa Palestina, akaonyesha kwamba namna ya vyungu inabadilika kadiri ya nyakati. Mama zetu wanaielewa njia hii vizuri. Ukiwapa picha ya zamani ya arusi, wanatazama vitenge na mshono wake, na mara moja wanakuambia ni picha ya miaka gani. Petrie alifanya hivyo kwa vyungu. Tena, tangu mwaka 1949, kwa kazi ya Mwamerika Willard Libby, wataalamu wanaweza kupima kaboni iliyobaki ndani ya makaa, mbegu au mfupa, wakakadiria miaka yake.

Kutokana na hayo tuliweke neno moja moyoni, kwa maana tutalirudilia: kitu cha kale kina nguvu ya kushuhudia kwa sababu ya fasi kilipolala. Chungu kilichotolewa katika tabaka lake bila kuandikwa habari zake ni kama shahidi asiyejua alikuwa wapi siku ya tendo.

II. MFANO WA KWETU: ISHANGO

Wengine wanadhani kazi hiyo ni ya nchi za mbali. Sivyo. Hapa kwetu Kivu ya Kaskazini, ndani ya mbuga ya Virunga, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, kuna mahali panapoitwa Ishango. Mwaka 1950 mtaalamu wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba pale. Chini ya majivu ya volkano alikuta mabaki ya wavuvi wa zamani sana: mikuki ya mfupa yenye meno ya kushika samaki, vyombo vya mawe, na mifupa ya watu. Alikuta tena kifupa kimoja, urefu wake karibu sentimeta 10, chenye kijiwe cheupe kwenye ncha, na alama nyingi zilizokatwa kwa mistari mitatu. Wataalamu wanakadiria umri wake kuwa karibu miaka 20.000. Kifupa hicho kinalindwa Bruxelles. Wengi wanafikiri ni alama za kuhesabu, wengine wanasita.

Hapo swali linatokea. Mwaka 1650 James Ussher, askofu mkuu Mwanglikana wa Irlandi, alijumlisha miaka ya mababu wa Biblia akaandika kwamba ulimwengu uliumbwa mwaka 4004 mbele ya Kristu. Hesabu hiyo iliandikwa kandokando ya kurasa za Biblia nyingi za Kiingereza, na hata leo kuna wahubiri wanaoifundisha. Je, wavuvi wa Ishango walikaa kwetu mbele ya kuumbwa kwa ulimwengu?

Mkatoliki hana sababu ya kutetemeka. Kosa si la Biblia, wala si la mfupa. Kosa ni la kugeuza kitabu cha Mwanzo kuwa kalendari. Kitabu kile kinafundisha kwamba Mungu mmoja ameumba vyote, kwamba viumbe ni vyema, kwamba mtu ni mfano wa Mungu, na kwamba dhambi ilitoka kwa mtu, haikutoka kwa Mungu. Hakikuandikwa ili kutupa hesabu ya miaka. Basi yule mvuvi wa Semliki aliyekata alama juu ya mfupa alikuwa mtu wa kweli mwenye akili, kiumbe cha Mungu yuleyule. Habari hiyo inatufurahisha.

III. PALE UDONGO NA MAANDIKO YANAPOKUTANA

Twende sasa Yeruzalemu. Karibu na mlango wa zamani upande wa mashariki liko kanisa la Mtakatifu Anna. Tangu mwaka 1878 linalindwa na Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie, shirika lilelile lililoleta Injili sehemu nyingi za Kivu. Wengi wa wazee wetu walibatizwa kwa mikono yao, lakini ni wachache wanaojua kwamba ndugu zao walikuwa na majembe mikononi kule Yeruzalemu.

Injili ya Yoane, sura ya 5, inasema habari za birika moja karibu na Mlango wa Kondoo, lenye baraza tano, ambapo Yezu alimponya mtu aliyekuwa mgonjwa miaka 38. Wataalamu wengine walisema: nani amekwisha kuona birika yenye pande tano? Walidhani mwandishi aliweka hesabu ya tano kama mfano tu, kwa ajili ya vitabu vitano vya Musa. Lakini katika kiwanja cha Mtakatifu Anna, wachimbaji, tangu karne ya 19 mpaka miaka ya 1950 na 1960, walifunua birika mbili kubwa zilizochimbwa ndani ya mwamba, na ukuta mnene kati yake. Basi ni rahisi kuelewa: baraza nne pande zote, na ya tano juu ya ukuta wa katikati. Hakukuwa na birika ya pande tano. Aliyeandika alijua fasi yenyewe.

Tupime vizuri ushuhuda huu. Je, mawe yale yanathibitisha kwamba mgonjwa alipona? Hapana. Yanaonyesha kwamba Injili ya Yoane inajua vizuri Yeruzalemu ya mbele ya mwaka 70, mwaka Waroma walipouharibu mji. Hilo ni jambo kubwa, lakini tusilivute zaidi ya urefu wake.

Mfano wa pili. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 20, kinasema kwamba mfalme Ezekia aliingiza maji ndani ya mji. Mfereji wa chini ya mwamba uko mpaka leo, urefu wake meta 533, nawe unaweza kupita ndani yake miguu ikiwa majini. Mwaka 1880 yalionekana ukutani maandiko ya Kiebrania cha kale, ambayo sasa yako Istanbul. Yanaeleza namna vikundi viwili vya wafanyakazi vilichimba vikitoka pande mbili, mpaka vikasikiana sauti ndani ya mwamba, vikakutana, na maji yakapita. Kitabu cha Wafalme kinamtaja mfalme. Maandiko ya ukutani hayamtaji hata kidogo, yanasimulia tu kazi na furaha ya wachimbaji. Udongo unapenda kutukumbusha watu wadogo.

Mfano wa tatu. Mwaka 1961 wachimbaji wa Italia kule Kaisaria, pwani ya Palestina, walikuta jiwe lililotumiwa kama daraja la ngazi. Juu yake kuna maandiko ya Kilatini yenye jina la Ponsyo Pilato na cheo chake, prefekto wa Yudea. Kila Dominika tunalitaja jina lake katika Nasadiki. Jiwe lile linatukumbusha kwamba mateso ya Bwana yalitokea siku ya kweli, chini ya mtawala wa kweli.

Tena kuna Qumran. Mwaka 1947 wachungaji wa mbuzi karibu na Bahari ya Chumvi waliingia katika pango wakakuta vitabu vya ngozi ndani ya mitungi. Kisha Padri Roland de Vaux, Mdominikani wa Shule ya Biblia ya Yeruzalemu, iliyoanzishwa na Padri Lagrange mwaka 1890, aliongoza kazi ya kuchimba magofu ya pale. Kati ya vitabu vile kulikuwa na kitabu kizima cha nabii Isaya, urefu wake zaidi ya meta 7, kilichoandikwa zaidi ya miaka 100 mbele ya Kristu. Kilikuwa cha zamani kwa karibu miaka elfu kuliko nakala nzima za Kiebrania zilizojulikana mbele yake. Wataalamu walivilinganisha. Waliona tofauti nyingi ndogo za herufi na za maneno, lakini kitabu ni kilekile. Waandishi wasiojulikana majina walilinda amana yao kwa uaminifu.

IV. PALE UDONGO UNAPOKATAA: YERIKO

Hapa imani ya wengine inatikisika, kwa hiyo tusiruke sura hii. Mwingereza John Garstang alichimba Yeriko toka mwaka 1930 mpaka 1936. Alikuta kuta zilizoanguka, akatangaza kwamba ni kuta za siku za Yozue. Wahubiri walishangilia. Lakini toka mwaka 1952 mpaka 1958 mama mmoja Mwingereza, Kathleen Kenyon, alichimba tena kwa uangalifu zaidi, tabaka kwa tabaka. Alionyesha kwamba kuta zile zilianguka karibu miaka elfu moja mbele ya Yozue. Kwa karne ya 13 mbele ya Kristu, ambayo wengi wanaihesabu kuwa wakati wa Yozue, hakukuta mji wenye kuta. Alikuta mabaki machache mno. Yeye mwenyewe alisema kwamba mvua na upepo vingeweza kuchukua tabaka za juu. Walakini wataalamu wengi, pamoja na mapadri wa elimu, wanakubali leo kwamba Yeriko haitoi ushuhuda tuliouzoea katika picha za katekisimu.

Tufanye nini? Njia ya kwanza ni kuficha. Hiyo ni mbaya, kwa maana Mungu hahitaji uongo wetu. Njia ya pili ni kutupa kitabu. Hiyo tena ni haraka ya mtu asiyeuliza. Njia ya Eklezya ni nyingine. Papa Pius XII, katika barua yake Divino Afflante Spiritu ya mwaka 1943, aliwaagiza wataalamu watumie arkeolojia na historia ya kale ili wajue namna za kuandika walizotumia watu wa Mashariki. Mtaguso wa Vatikano wa pili, katika Dei Verbum ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba ukweli ambao Maandiko yanaufundisha bila kosa ni ule Mungu alioutaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu, na kwamba lazima tuchunguze mwandishi alitaka kusema nini, na kwa namna gani.

Basi soma tena Yozue sura ya 6. Unaona nini? Mapadri saba, tarumbeta saba, siku saba, sanduku la agano, taifa linalozunguka kimya. Hayo yanafanana zaidi na maandamano ya ibada kuliko na habari za vita. Wazee wetu walipozungumza jioni habari za mababu waliovuka mto, mtoto hakuuliza mto ulikuwa na meta ngapi; alielewa ametoka wapi na anamtegemea nani. Mwandishi mtakatifu anafundisha kwamba nchi ile ilikuwa zawadi ya Mungu, haikupatikana kwa nguvu ya panga. Tena udongo haukunyamaza kabisa juu ya Israeli: jiwe la Farao Merneptah, lililopatikana Misri mwaka 1896 na lililoandikwa karibu mwaka 1208 mbele ya Kristu, linataja Israeli kama taifa lililokaa Kanaani. Namna gani walifika pale, wataalamu wanaendelea kubishana. Nasi tuwe na uvumilivu.

V. TUJIHADHARI NA VITU VYA UONGO

Palipo na hamu kubwa, na biashara inafika. Jumba la Biblia la Washington, kule Marekani, lilikuwa na vipande 16 vilivyosemwa kuwa vya vitabu vya Bahari ya Chumvi. Havikutoka mikononi mwa wachimbaji, vilinunuliwa. Mwaka 2020, nyuma ya uchunguzi ulioombwa na jumba lenyewe, ilitangazwa kwamba vyote ni vya uongo: ngozi ilikuwa ya kale, lakini wino ulikuwa wa siku hizi. Tuwasifu wenye jumba kwa kuutangaza ukweli juu ya hasara yao. Ikiwa wenye fedha na elimu walidanganywa, sisi tutaamini kila picha ya telefone?

Katekista akionyeshwa safina ya Noe, au magurudumu ya Farao chini ya bahari, aulize maswali matatu. Nani alichimba? Kitu kilipatikana fasi gani na tabaka gani? Wataalamu wengine walikichunguza wakakubali? Kama hakuna jibu, asikipeleke altareni wala katika mafundisho. Kwa maana kijana aliyejengewa imani juu ya picha ya mbao, siku picha ikijulikana kuwa uongo, atafikiri kwamba Injili nayo ilikuwa uongo. Hasara hiyo ni juu yetu.

VI. MASHAURI YA MWISHO

Kwa waseminari: msiogope masomo haya, tena msiyafanye kwa haraka. Jifunzeni kutenganisha kitu kilichoonekana na maelezo ya mtu juu ya kitu hicho. Garstang aliona kuta za kweli; maelezo yake ndiyo yaliyoanguka.

Kwa mapadri na wakatekista: watu wakichimba msingi au shamba wakakuta vyungu vya zamani, mikuki ya mawe au mifupa, waambieni wasiviuze wala kuvitawanya. Waandike fasi, kina cha shimo, na vitu vilivyolala pamoja, kisha wawape habari watu wa serkali au wa chuo kikuu. Nchi iliyotoa Ishango ina mengine ya kutuambia.

Kwa sisi sote: twende kwa mawazo mpaka kaburi la Bwana. Mwezi wa 10 mwaka 2016, wataalamu wa Athene waliokuwa wakitengeneza jengo dogo linalofunika kaburi takatifu waliinua bamba la marmari. Chini yake walikuta kitanda cha jiwe kilichochongwa katika mwamba, fasi ya kulaza maiti. Chokaa iliyopimwa ilionekana kuwa ya karne ya 4, yaani wakati wa kanisa la kwanza lililojengwa pale na Konstantino. Udongo umesema neno lake lote: hapa kuna kaburi la zamani, na Wakristu waliliheshimu tangu kale. Kwamba aliyelala pale amefufuka, hakuna jembe litakaloonyesha.

Injili ya Yoane, sura ya 20, inasimulia kwamba Petro na yule mwanafunzi mwingine waliingia kaburini, wakaona sanda imelala. Vitu walivyoviona ni vilevile. Lakini Injili inasema juu ya yule wa pili kwamba aliona, akaamini. Sanda ilikuwa mbele ya macho. Imani ilikuwa neema. Nasi tutazame sanda kwa uangalifu na bila uongo, na neema tumwombe mwenye kuitoa.